Watoto Wakicheka Mbele ya Runinga, Wanajifunza?

Swali: "Nina watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 11. Kila Jumamosi baada ya chakula cha usiku tunakaa sebuleni kutazama vipindi vya kuchekesha: wanyama, vituko vya watoto, na katuni za mwili wa binadamu. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye hapa Tanga, anasema ninawapumbaza, kwamba mtoto hafundishwi kwa kuchekeshwa. Juzi huyu wa miaka 7 kaniambia fisi ni mwoga asiyejua kuwinda, na kwamba ndani ya damu yake wamo askari wenye virungu. Mdogo aliposikia hivyo akakataa kulala peke yake. Niendelee au nizime?"

Jibu:

Endelea, mama. Kicheko chenyewe hakina kosa. Ninachokuomba ni mambo mawili tu: huyo wa miaka 3 apunguziwe muda na achaguliwe vipindi vyake, na hao wakubwa uwasikilize wanacheka nini hasa. Kazi yangu ni kupitia miswada ya vipindi vya watoto kabla haijachorwa wala kurekodiwa, kisha kukaa na watoto wakitazama kilichotoka. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, maana maswali yako yamo mengi ndani ya moja.

Nianze na hoja ya mama mkwe, kwa sababu si hoja ya kupuuzwa. Waliotengeneza Sesame Street huko Marekani, kipindi kilichoanza kurushwa Novemba 1969, walikuwa na wasiwasi huohuo. Mtafiti wao, Edward Palmer, alikuwa akimketisha mtoto mbele ya runinga, na pembeni yake anaweka mashine inayobadilisha picha kila baada ya sekunde chache. Kisha anaandika: sasa anatazama kipindi, sasa kageukia picha. Sehemu iliyowapoteza watoto ilirekebishwa au ikatolewa. Kwa hiyo vichekesho mnavyoviona kwenye kipindi kama hicho havikumwagwa ovyo, vilipimwa.

Na hapa kwetu pia vimepimwa. Mwaka 2008 Tanzania ilipata toleo lake, Kilimani Sesame, lenye vikaragosi wanaozungumza Kiswahili na masomo ya kusoma, kuhesabu, malaria na kuishi vizuri na wenye virusi vya UKIMWI. Watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha waliwafuatilia watoto wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa wiki sita, wakachapisha matokeo mwaka 2010: waliokipata zaidi kipindi hicho walipiga hatua zaidi katika mambo hayo. Baadaye Borzekowski akarudi, safari hii Morogoro, kupima Akili and Me, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam na taasisi ya Ubongo. Mhusika wake mkuu ni Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huingia kwenye nchi ya ndoto yenye wanyama rafiki. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Watoto waliotazama katuni hiyo waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine, katika kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Mwonyeshe mama mkwe hilo kwa heshima. Ni watoto wa Kitanzania, wakitazama kitu cha kuchekesha, na wamejifunza.

Lakini hapohapo nampa haki yake. Si kila kinachochekesha kinafundisha, na vingi vinavyojiita vya elimu havifundishi kitu. Tofauti iko wapi?

Shalom Fisch, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi ndani ya taasisi hiyohiyo ya Sesame, aliieleza vizuri mwaka 2000. Mtoto anayetazama ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kufuata hadithi, na kushika somo lililomo. Uwezo wake wa kushika mambo ni ule ule mmoja, na hadithi ndiyo huhudumiwa kwanza. Somo likiwa mbali na hadithi hupata makombo. Likiwa ndilo linaloisukuma hadithi, mtoto hawezi kufuata hadithi bila kulishika. Na kichekesho ni hivyohivyo. Kikikaa juu ya somo, somo hubaki kichwani pamoja nacho. Kikikaa pembeni, kinachobaki ni kichekesho peke yake.

Nikupe mfano. Uliwahi kuletwa mezani kwetu mswada wa kipindi kifupi cha malaria. Daktari kasimama mlangoni anaeleza kwamba mbu jike wa Anofelesi huuma zaidi usiku. Nyuma yake mbu anayumbayumba, anapigwa na upepo wa feni, anadumbukia kwenye sufuria ya uji, anaibuka na masharubu meupe. Watoto wa darasa la pili walicheka mpaka wakaangukiana. Tulipowauliza kipindi kilihusu nini, walisema uji. Hakuna aliyetaja usiku, hakuna aliyetaja neti. Waandishi wakakiandika upya. Safari hii mbu mwenyewe anataka kuingia ndani ya neti. Anajigonga pua, anarudi nyuma, anakuja kwa kasi, anajigonga tena, anawaita wenzake wamsukume kwa nyuma. Mwishowe anaona kidole gumba cha mguu kimeegemea neti kutoka ndani, naye anakiuma papo hapo bila hata kuingia. Watoto walicheka vilevile. Walipoulizwa, walisema: chomeka neti vizuri, na usilale mguu umeigusa. Mbu ni yuleyule na malaria ni ileile, ila sasa huwezi kusimulia kichekesho bila kulitaja somo.

Basi hiki ndicho kipimo chako cha Jumamosi, na hakihitaji kusoma chochote. Kipindi kikiisha, usiwaulize "mmejifunza nini?" Swali hilo linanuka darasa, na watajibu kukuridhisha. Waulize: "Kipi kimewachekesha zaidi? Hebu nisimulieni." Wakikusimulia namna twiga anavyotanua miguu ya mbele ndipo afikishe mdomo kwenye maji, shingo yote ndefu lakini haifiki, kipindi kimefanya kazi, na hapo unaweza kuongeza kwamba shingo ile ina mifupa saba tu, sawa na shingo zao, isipokuwa kila mfupa ni mrefu mno. Wakikusimulia tu kwamba mtangazaji aliteleza akaangukia matope, wamefurahi, na kufurahi pia ni haki yao. Usikihesabu tu kuwa somo.

Sasa tuje kwa fisi, maana hapo mwanao kadanganywa kweli.

Katuni nyingi za wanyama hugawa tabia mapema: simba mfalme, sungura mjanja, fisi mlafi na mwoga. Sisi wenyewe tuna hadithi zetu zinazomsema fisi hivyohivyo, kwa hiyo mtoto akikuta jambo lilelile kwenye runinga analiona ni kweli iliyothibitishwa. Mtafiti wa Kiholanzi, Hans Kruuk, katika miaka ya 1960 aliwafuatilia fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro usiku, wakati ambao watalii wamelala. Aliyoyaona yaligeuza mambo. Ndani ya kreta ya Ngorongoro fisi waliwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, nyumbu na pundamilia, kwa kukimbiza kundi mpaka mmoja achoke. Na mara nyingi simba aliyekutwa alfajiri juu ya mzoga, huku fisi wamemzunguka kwa mbali, ndiye aliyekuja kuwanyang'anya. Mtalii anayefika saa moja asubuhi anaona simba anakula na fisi wanangoja, anahitimisha kinyume. Mwambie mwanao hivyo. Mtoto wa miaka 7 hupenda sana kuambiwa kwamba kesi ilihukumiwa vibaya. Mwongezee kwamba fisi jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri kwenye ukoo, na kwamba kile tunachokiita kicheko cha fisi mara nyingi hutoka anapobanwa, anapofukuzwa kwenye nyama au anapopapatika.

Hilo la kicheko liwe jambo la kuliangalia kila mnapotazama wanyama. Vipindi vya vichekesho vya wanyama vinaishi kwa kumpa mnyama hisia za binadamu, na mara nyingi hisia wanazompa siyo aliyonayo. Sokwe anayeonyesha meno yote ya juu na chini, midomo imevutwa nyuma, watu huandika chini yake "anatabasamu". Yule ana hofu. Sokwe anayecheka kweli, anapocheza au kutekenywa, hufungua mdomo huku mdomo wa juu umefunika meno, na kuhema kwa sauti fupifupi. Ukishaijua tofauti hiyo hutaitazama tena kwa jicho lilelile picha ya sokwe aliyevalishwa suruali na kofia. Kuna pia video zilizosambaa za loris, mnyama mdogo wa Asia mwenye macho makubwa, wa ukoo wa karibu na komba wetu. Anatekenywa kwapani, naye anainua mikono juu, watu wanasema anaomba aongezewe. Mikono ile ni ya kujihami: kwenye mkono wake karibu na kiwiko ana tezi, na akiilamba hupata sumu ya kuuma nayo. Halafu kuna mbuzi wa Tennessee, Marekani, wanaoanguka miguu imekakamaa wakishtuliwa. Hawazimii. Wana hali ya kurithi inayofanya misuli ichelewe kulegea baada ya mshtuko, na muda wote ule wana fahamu zao kamili.

Sikwambii haya ili uwakataze kucheka mbuzi akianguka. Nimecheka mimi pia. Nakwambia kwa sababu hapa pana nafasi nzuri ya swali moja: "Unadhani yeye mwenyewe anajisikiaje?" Waache watoto wabishane. Huyo wa miaka 11 atatafuta jibu mwenyewe kabla ya Jumamosi ijayo.

Kuna utafiti mmoja wa Canada, wa Patricia Ganea na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, unaofaa kujulikana na kila mzazi. Uliwahusu watoto wadogo na vitabu vya picha, lakini nauchukulia kuwa unagusa na katuni. Watoto waliosomewa habari za mnyama mgeni kwao, akielezwa kama mtu anayezungumza na kuwa na nia za kibinadamu, baadaye walikuwa wepesi zaidi kuamini kwamba mnyama huyo anawaza na kuzungumza, na walijifunza machache kuhusu maisha yake halisi kuliko waliosomewa maelezo ya kawaida. Ndiyo maana mimi hupendelea mtindo wa katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwa michoro iliyotokana na sanaa ya Edward Saidi Tingatinga. Wanyama wake wanazungumza, ndiyo, lakini hadithi zenyewe ni za "kwa nini": kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini mnyama fulani yuko hivi. Mtoto anaielewa mapema kwamba hii ni ngano, kama za bibi. Shida kubwa iko kwenye kipindi kinachochanganya: picha halisi za mbugani, halafu sauti ya mchekeshaji anayemsemea simba. Hapo hata wa miaka 7 hajui ngano imeishia wapi na ukweli umeanzia wapi. Mwambie wewe.

Tuingie mwilini. Hao askari wenye virungu nawafahamu, au nawafahamu babu zao. Mwaka 1987 Mfaransa Albert Barillé alitoa mfululizo wa katuni wa vipindi 26 kuhusu mwili wa binadamu, ulioenea nchi nyingi kwa lugha nyingi. Seli nyekundu zilichorwa kama wapagazi waliobeba mapovu ya oksijeni mgongoni, seli nyeupe zikawa polisi, na vijidudu vikawa majambazi. Katuni nyingi za mwili zilizofuata zimeazima humo. Na ni kazi nzuri, nakwambia kwa moyo mweupe, kwa sababu kichekesho chake kimekaa juu ya somo: mpagazi mzee anamlalamikia kijana njia ni ndefu, kumbe ndiyo njia yenyewe ya damu, mapafu hadi moyo, moyo hadi kidoleni, na kurudi.

Tatizo ni umri. Mtoto wa miaka 11 anajua kwamba polisi yule ni mfano. Wa miaka 7 yuko katikati. Wa miaka 3 anaamini kuna watu ndani yake, na watu wenye virungu si jambo la kulalia. Mwanao mdogo hakufanya ujinga kuogopa. Amesikia habari akaipokea kama ilivyo.

Kwa huyu wa miaka 7, usimwambie "ni uongo". Mwambie katuni imechora kitu cha kweli kwa sura ya kubuni, kisha mpe kitu chenyewe. Ndani ya tone moja la damu zimo seli nyekundu kwa mamilioni, umbo lake duara lililobonyea katikati, hazina macho wala mikono. Zinazaliwa kwenye uboho, ule ulaini ulio ndani ya mifupa, ambao ameuona kwenye supu. Kila moja hufanya kazi karibu siku 120, kisha hutolewa na nyingine kuchukua nafasi. Seli nyeupe nazo hazipigi mtu rungu: baadhi humzunguka kijidudu na kummeza, nyingine hutengeneza kingamwili zinazomnata. Chanjo aliyochomwa akiwa mdogo iliziwezesha kumtambua adui kabla hajaja. Watoto huniuliza sana: "Nikijikata, askari wangu wanamwagika?" Jibu ni ndiyo, baadhi hutoka na damu, na mwili hutengeneza wengine usiku na mchana bila kuagizwa. Jibu hilo huwatuliza, nimeliona mara nyingi.

Na huyu mdogo, maelezo hayo yasimfikie kabisa. Yeye mpe mwili wake anaoweza kuusikia. Mlaze sikio lake kwenye kifua cha baba yake asikie du-dum, du-dum. Mlaze kwenye tumbo lako baada ya kula asikie linavyonguruma. Mwambie hiyo ni sauti ya chakula kikisukumwa na hewa ikipita. Hakuna mtu humo, ni tumbo linafanya kazi. Akitaka kusikiliza mara kumi, sikilizeni mara kumi.

Wa miaka 11 mpe kazi ya kupima mapigo. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, ahesabu kwa sekunde 30, azidishe kwa mbili, aandike. Kisha mdogo wake aruke kamba mpaka achoke, apime tena. Vipindi vya mwili vinavyowaonyesha watangazaji wakijipima wenyewe huwa bora kuliko vya maelezo matupu, na bora zaidi ni pale runinga inapozimwa na nyumba nzima kujipima.

Utaniuliza na hili, hata kama hukuliandika: vichekesho vya makamasi na kujamba. Watoto wa miaka 6 hadi 10 hawachoki navyo, na wazazi wengi huona aibu wakabadilisha chaneli. Mimi nasema viachwe, mradi kipo cha kujua ndani yake. Makamasi hunasa vumbi na vijidudu kabla havijafika mapafuni, na mwili hutengeneza karibu lita moja au zaidi kwa siku, mengi tunayameza bila kujua. Maharage nayo yana aina ya sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga, basi inafika kwenye utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanaishambulia, na hewa inatoka. Hiki ni kicheko kilichokaa juu kabisa ya somo. Na hapa mwite mama mkwe, kwa sababu kulowesha maharage usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika hupunguza kweli sukari hiyo. Yeye alilijua hilo kabla ya mtangazaji yeyote.

Jambo moja zaidi la mwili, na hapa nasisitiza. Kipindi kikitaja sehemu za siri kwa majina yake, usikimbilie rimoti. Mtoto anayejua kusema uume au uke bila kunong'ona anaweza kukueleza panapomuuma, na anaweza kukueleza akiguswa na mtu vibaya. Kipindi kikizicheka sehemu hizo kwa kumfedhehesha mtu, hicho zima.

Sasa huyu wa miaka 3. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, lilisema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba watoto wadogo hujifunza kidogo sana kwenye picha kuliko kwa mtu aliye mbele yao akiwajibu. Kwa hiyo mpangie kipindi chake kwanza, kifupi, cha mwendo wa taratibu. Mwendo una maana: utafiti wa Angeline Lillard na Jennifer Peterson, Marekani, mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa miaka 4 waliotazama katuni ya kasi kwa dakika 9 tu walifanya vibaya mara baada ya hapo katika kazi za kujizuia na kutulia kuliko waliochora au kutazama kipindi cha taratibu. Usishangae akitaka kipindi kilekile kila Jumamosi. Waliotengeneza Blue's Clues, kipindi cha watoto cha Marekani, walirusha kipindi kimoja siku tano mfululizo kwa makusudi, na watafiti wakaona watoto wanaelewa zaidi na kujibu kwa sauti zaidi kadiri kilivyorudiwa. Kwa wewe mkubwa inachosha. Kwa yeye, kila mara ananasa kitu kipya.

Kuhusu vituko vya watoto sina mengi. Mtoto anayesema jambo la kuchekesha kwa akili yake, tucheke naye. Mtoto aliyeanguka akalia, au aliyetishwa makusudi ili arekodiwe, mimi simtazami na nakushauri usimtazamishe mwanao, kwa sababu mwaka huu anacheka na mwakani anamrekodi mdogo wake. Na ndani ya nyumba pia, mmoja akiuliza swali la ajabu, jibuni kwanza kabla ya kucheka. Mtoto aliyechekwa kwa swali huacha kuuliza mapema sana.

Imebaki kumrudia mama mkwe. Usimpelekee hukumu kwamba ameshindwa. Mwombe Jumamosi ijayo akae nanyi, na kipindi kikiisha awasimulie ile hadithi ya sungura na fisi kama alivyosimuliwa yeye, fisi akiwa mlafi na mjinga kama ilivyo desturi. Kisha mwache wa miaka 7 amjibu kwa habari za Ngorongoro. Bibi atabisha, mjukuu atabisha, na wa miaka 11 atatoa ushahidi. Vipindi viwili vinatosha kwa usiku mmoja. Badala ya cha tatu, huyu mdogo asikilize hadithi ya bibi, kisha akalazwe.